Anayeitwa Sikitu

Ilemela, 11 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimetulia. Mimi huku sijambo. Kazi inaendelea, na chumba nilichopanga, kwa kuwa kipo juu kabisa kwenye mawe, kinapata upepo wa ziwa mpaka jikoni. Orwa anakusalimu sana. Ameniambia nikuulize kama bado unadai kwamba samaki wa Magu ni watamu kuliko wa Shirati kwao.

Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilipopiga majirani wote walisikia habari zangu isipokuwa wewe na masikio yako mazito. Ndiyo maana nimempa Mhoja barua hii. Kila akileta mchele wake mjini anapita hapa kliniki, na amekubali kuwa tarishi wetu.

Baba, tumepata tarehe. Mimi na Orwa tutafunga ndoa Desemba, Mungu akipenda. Kabla ya hapo kanisa litasoma matangazo Jumapili tatu mfululizo, kuanzia tarehe kumi Novemba. Hapo ndipo penye ombi langu. Ofisi ya mchungaji inataka cheti cha kuzaliwa, na mimi sina kwa sababu nilizaliwa nyumbani. Nimeambiwa kiapo cha mzazi kinatosha kuanzia. Nataka uape kwamba jina langu ni Gladness. Gladness Nestory Mashimba. Karatasi nimeiweka humu humu ndani ya bahasha, wewe unatia saini tu mbele ya wakili hapo Magu mjini.

Tafadhali usiulize sana. Ni jina tu, baba. Kazi yangu ni kukaa mapokezi na kuita wagonjwa kwa majina yao kutwa nzima, kwa hiyo haya mambo nayajua. Gladness ni jina zuri, na ukiliita mtu anainuka bila kutazama chini.

Mwanao,
G.

Magu, 19 Agosti 2024

Mwanangu Sikitu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Kifua kimepona, sasa ni goti, na likipona goti najua kuna kingine kinasubiri zamu. Mpunga ulikuwa wa wastani. Shangazi yako Suzana hajambo, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika mwisho nikamtafuta huyo G, nikadhani Mhoja amenichanganyia na barua ya mtu mwingine. Kisha nikaona mwandiko ni wako.

Nimefurahi sana kwa habari ya ndoa. Huyo kijana wako nilimpenda tangu siku ile alipokuja kujitambulisha, kwa sababu alikula bila kubembelezwa na akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. Mwambie fundi wa injini za mitumbwi asinifundishe habari za samaki.

Lakini ile karatasi siwezi kuitia saini. Nimekaa nayo siku kadhaa, nikaiweka mezani, nikaitoa, nikairudisha. Jina lako alilitoa mama yako, marehemu Evelina. Mimi nilitaka uitwe Milembe. Alinishinda, na hakuwa mtu wa kushinda kila siku. Angekuwa hai ungeenda kubishana naye mwenyewe. Kwa kuwa hayupo, mimi ndiye niliyebaki kulitunza alilolichagua. Kama watu wanacheka, waache wacheke. Watachoka.

Njoo nyumbani siku moja. Kutoka Ilemela hadi Magu si safari ya kuaga watu, na wewe tangu msiba wa bibi hujakanyaga hapa.

Ni mimi baba yako,
Nestory

Ilemela, 25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole kwa goti.

Uliandika kwamba watu watachoka kucheka. Mimi nimechoka kabla yao, na sasa nitakuambia kwa nini, maana naona tusiposema tutabaki kuandikiana habari za kuku.

Mwezi wa sita mama yake Orwa, mama Agutu, alikuja kutoka Shirati kunifahamu. Ni mama mpole. Kwao jina halitolewi hivi hivi. Akanieleza kwamba mumewe anaitwa Ooko kwa sababu alizaliwa nje ya nyumba, mama yake akiwa njiani kutoka kuteka maji. Kisha akaniuliza langu lina maana gani. Nikamjibu halina maana. Akanitazama kwa huruma, akasema hakuna mzazi anayempa mtoto jina lisilo na maana. Baba, siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Maana yake naijua. Nilikuwa darasa la nne, shangazi Suzana ananisuka nywele pale nje, nikamuuliza kwa nini naitwa hivi. Akasema, "Baba yako alikuwa anataka dume. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia kwa masikio yangu akisema, si kitu. Akarudia, si kitu. Halafu akaondoka kwenda Mwanza, hakuonekana mpaka ulipokuwa unatambaa." Akaendelea kunisuka. Yeye hakuona kama amesema jambo kubwa. Kwake ilikuwa habari kama nyingine.

Tangu siku hiyo nimelibeba. Mwalimu akiita Sikitu, nasikia mtu asiye kitu ainuke. Hapa kliniki naita akina Princess watatu kwa siku, naita Gladness, naita Junior wengi mpaka wanagongana mlangoni. Miaka mitano nimekaa kwenye dirisha lile na nimekutana na Sikitu mmoja tu, bibi kizee wa kutoka Lindi aliyekuja kumtembelea mwanawe. Benchi lisije likacheka, nikamwita kwa sauti ya chini. Hakusikia. Nilipomfuata alinikemea, akasema, "Usiliminye jina langu, binti." Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba ni langu pia.

Sasa mchungaji atalisoma mbele ya kanisa zima na ndugu wa Orwa wote wamekaa. Sitaki. Unasema mama ndiye alilichagua. Labda aliokota maneno yako ili akukumbushe ulichosema. Sijui, na sitaki kujua zaidi.

Kama huwezi kutia saini, baba, basi na harusini usije. Nimeandika hivyo nikiwa na akili zangu.

Mwanao

Ilemela, 6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mhoja ananiambia amekupa barua yangu mkononi, na kwamba ulipoimaliza ulisahau hata kumkaribisha maji. Anasema pia kwamba nyumba yako imefungwa na shangazi hasemi umekwenda wapi. Amesusa kuzungumza na watu.

Sikuandika vile ili upotee. Kama unaumwa, niambie. Kama umekasirika, niambie pia. Matangazo yanakaribia na mchungaji ameniuliza tena habari ya cheti.

Nilipoandika maneno ya mwisho kwenye ile barua nilikuwa na akili zangu, ndiyo, lakini zilikuwa zimechemka.

Mwanao

Magu, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Mimi ni mzima. Nilikwenda Majita kwa wajomba zako na nimerudi juzi. Nitakueleza kwa nini.

Barua yako ilinikalisha chini. Miaka yote hii sikujua kama Suzana alikuambia maneno hayo. Nilidhani hulipendi jina kama vijana wasivyopenda vitu vya zamani. Nilikwenda kwake siku ile ile. Tuligombana mpaka majirani wakatoka, na mimi kwa masikio yangu haya nilikuwa sijui napiga kelele kiasi gani. Yeye naye akaniuliza, "Sasa kosa langu ni nini? Hukusema si kitu?" Nikakubali kwamba nilisema. Hapo ndipo nilipoelewa tulipopotezana.

Mama yako alikuwa Mjita, hakujua Kisukuma. Mimi Kijita nilikuwa najua salamu tu. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu tulisema Kiswahili tangu siku ya kwanza. Suzana wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, cha kuuliza bei na kutaja kilo. Kitu alikijua. Si alilijua. Akayaunganisha, akapata tusi. Hakujua kwamba Mswahili akikukanyaga ukamwambia si kitu, umemsamehe, umemwambia yasikusumbue.

Nilitaka kukuandikia hayo hapo hapo, lakini yasingetosha. Ungeuliza nilikuwa nasamehe nini, na hilo nilimwahidi mama yako kwamba sitakuambia kamwe. Yeye hayupo kunifungua. Ndiyo maana nikaenda Majita kwa kaka yake mkubwa, Yakobo. Nilikuta amekwenda Bunda, shambani kwa mwanawe, nikamsubiri arudi, ndipo siku zikapita. Nilimweleza yote. Akasema, "Dada yangu alikufunga mdomo ili mtoto asiumie. Kama kimya ndicho kinamuumiza, nani tena unamtii?" Basi nakuambia.

Ulikuja kabla ya wakati wako. Ilikuwa msimu wa pamba, na mwaka ule shamba lilikuwa limetupa kuliko mwaka wowote. Chumba kilikuwa kimejaa mpaka dirishani, pamba safi tupu. Fifi, ile yenye madoa, tulikuwa tumeitenga kwenye kona. Tulikuwa tunasubiri siku ya kupima. Mama yako alikuwa amekaa anachambua, uchungu ukamshika pale pale, na hakukuwa na muda wa kumtoa. Ulizaliwa juu ya pamba.

Ulikuwa mdogo mno. Ningeweza kukulaza kwenye kiganja na bado nikashika kikombe. Mkunga alipofika akasema jambo moja tu, kwamba usipoe, ukipoa tumekupoteza. Gari la kutupeleka hospitali halikuwepo, nguo zako zilikuwa hazijashonwa, blanketi tulikuwa nalo moja na lilikuwa limelowa. Mimi nikachimba shimo katikati ya ile pamba nikakuweka humo, umebaki uso tu.

Pamba ikilowa inapoa, mwanangu. Kwa hiyo kila ilipolowa niliitoa, nikaitupa nyuma ya nyumba nikaichoma, nikachukua nyingine safi. Mama yako akiwa amelala pembeni anatoa mbegu kwa vidole ili zisikuchome, na mimi nabadilisha. Tulifanya hivyo mpaka ulipoanza kunyonya kwa nguvu na kulia kama watu. Alikuwa analia yeye pia. Ile pamba ndiyo ilikuwa chakula chetu na paa letu la bati. Kila nikichota nyingine ananiambia, "Nestory, unaimaliza. Nisamehe." Nami nasema si kitu. Nilisema hivyo sijui mara ngapi. Suzana alikuwa analeta uji, anaishia mlangoni kwa sababu mkunga alikataza watu kuingia, na ndiyo maneno aliyoyasikia.

Kwa hiyo uliambiwa kweli kwamba nilisema. Ila niliyesema naye alikuwa mama yako, na tuliyokuwa tunaisema ni pamba. Pamba ndiyo haikuwa kitu. Wewe hatukuwa na neno la kukusema, tulikuwa tunaogopa hata kukutaja.

Ulipopona wakaja kuuliza jina. Mimi nikasema Milembe. Mama yako akasema, "Ataitwa Sikitu. Nataka kila nikimwita nilisikie lile neno lako." Ningebishana na nini?

Na Mwanza nilikwenda, ni kweli. Msimu ulikuwa umekwisha na hatukuwa na cha kuuza, nikaenda kuvunja mawe huko huko kwenye vilima unakoishi sasa, tupate kula. Watu walisema nimemkimbia mtoto wa kike. Niliporudi ukalia, ukaniona mgeni, na hilo liliniuma kuliko maneno yao.

Mama yako aliniapisha tukiwa bado tuna deni la chakula kwa watu. Alisema mtoto akijua kwamba alikula shamba zima atatembea maisha yake yote ameinama, anaomba radhi kwa kuwepo. Tukakubaliana usijue. Alipofariki wewe ulikuwa mdogo bado, na mimi nikashikilia kiapo kama mjinga, nisijue kwamba umeshainamishwa na kingine.

Hiyo karatasi yako imo humu ndani. Nimeitia saini mbele ya wakili. Nimeapa kwamba binti yangu anaitwa Gladness, na Mungu anajua kwa nini nimesema uongo. Sikukuandikia haya ili nikubane. Jina ni lako wewe, ndiwe unayeitwa. Litakalosomwa kanisani nitalipokea, na ukiniruhusu kuja harusini nitakuja.

Baba yako,
Nestory

Ilemela, 31 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Mhoja alinipa bahasha nikiwa kazini, nami nikafanya kosa la kuifungua hapo hapo. Nilishindwa kuita majina. Wagonjwa walikaa wakanitazama, mwishowe mama mmoja aliyebeba mtoto akaingia upande wangu wa dirisha, akachukua kadi, akaanza kuita yeye. Aliita vizuri kuliko mimi.

Nina hasira na shangazi, na ninamhurumia. Nina hasira na wewe kwa kunyamaza. Kisha nakumbuka ulinibadilishia pamba usiku na mchana, hasira inaniponyoka. Nilikaa nyumbani nikitazama vilima hivi kupitia dirishani, nikawa najiuliza ni mawe yapi. Baba, wale wavunja mawe wanatumia baruti. Masikio yako yaliharibikia huku? Usijibu kama hutaki.

Harusini utakuja, na yale niliyoandika Agosti nisamehe. Lakini ile Jumapili ya kwanza ya matangazo nakuomba usije. Karatasi ninayo kwenye pochi na sijaamua. Mchungaji anasema nimpelekee jina litakalosomwa siku mbili kabla. Nikikuona pale nitachagua kwa sababu ya uso wako, na wewe umesema jina ni langu.

Mwanao

Magu, 11 Novemba 2024

Mwanangu,

Mimi ni mzima, nimefika salama, na goti limevumilia safari. Jana tulikuwa katikati ya watu, mara shemeji hawa, mara kwaya, na gari la Mhoja lilikuwa linaondoka. Kuna jambo sikupata kukuambia.

Kwanza la masikio. Ni uzee, mama. Hata bila baruti yangefika tu.

Pili, najua ulinikataza kuja. Nilijitahidi. Jumamosi yote nilijitahidi. Asubuhi nikamwona Mhoja anawasha gari, nikajikuta nimevaa koti. Tulikaa nyuma kabisa, kwenye nguzo, usinione.

Kumbe nguzo ile ilikuwa adhabu. Mchungaji alipofika kwenye matangazo nilijua kwa sababu wewe na Orwa mlisimama. Nikatazama midomo yake ili nisome, lakini ile maiki ilimziba. Nikatazama watu. Wanakwaya wawili wakatazamana wakatabasamu, nikasema basi ni lile, wanacheka. Halafu nikawaza, au wanafurahi tu kama watu wanavyofurahia harusi. Mama Agutu alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, na yeye naona hukubali kila kitu. Watu wakaanza kukaa. Nikaona yamepita na mimi sijui kitu. Ndipo nikamnong'oneza Mhoja, "Wamesoma lipi?"

Mhoja anasema ule haukuwa mnong'ono. Anasema hata wenye pikipiki nje waligeuka. Nilipoona kanisa zima linanitazama nilitaka kujificha chini ya benchi, na nilipokuona wewe umegeuka nikajua nimekuharibia siku.

Hukukasirika. Ulitoka pale mbele, ukapita katikati ya watu wote na mchungaji amesimama anakungoja, ukainama sikioni kwangu ukasema. Nikakuuliza nini. Ukasema tena. Nikaweka mkono sikioni nikatikisa kichwa, nawe ukavuta pumzi ukalisema kwa sauti, Sikitu, baba, kanisa zima likasikia.

Mwanangu, nilisikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka uliseme tena.

Ni mimi baba yako,
Nestory